Kura Tatu za Mama

Ilikuwa harufu ya mshumaa tu. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari katika ukumbi ulio chini ya kanisa, hapa Lackawanna, nyuma ya binti yangu Neema, nikingoja kupiga kura kwa mara ya kwanza tangu nipate uraia wa nchi hii uzeeni. Mtumishi wa kanisa akapita akizima mishumaa iliyobaki ya ibada ya asubuhi. Nta iliyoungua ikanifikia puani. Nilimshika Neema begani, jasho likinitiririka mgongoni ilhali nje theluji ilikuwa imeanza kudondoka.

"Mama, vipi? Unaumwa?"

"Hapana. Niache kidogo."

Mama mmoja Mkongo ninayesali naye alikuwa nyuma yetu. Alinivutia kiti. "Bon, mama, ikala kwanza," aliniambia. "Uko natetemeka sana." Nikakaa. Mjukuu wangu, aliyekuja nasi, akainama akanishika mkono, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba ni kura tu, bibi, hakuna kitu.

Hakuna kitu. Niliipiga kura yangu, nikarudi nyumbani, nikampigia simu mdogo wangu Foibe aliyeko Okolona, kule Louisville, anakoishi na mwanawe anayefanya kazi kwenye maghala. Nilimuuliza kama anaikumbuka harufu ya lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia barua na masanduku. Hakumbuki. Asingeweza kukumbuka, siku ile alikuwa mgongoni kwa mama, amelala. Kati ya watu wa nyumba yetu ya zamani tumebaki sisi wawili, na mwenye kukumbuka ni mmoja. Nikawaza pia miaka niliyokaa Columbus, nilikofikia kwanza Neema alipokuwa akisoma. Tulipanga karibu na chuo, na kila msimu wa uchaguzi watu walipojipanga kwenye jengo la ng'ambo ya barabara mimi nilikuwa nikifunga pazia, bila kujua kwa nini nalifunga. Sasa najua. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliozaliwa chini ya bendera ya Mwingereza, kwa kuwa ninyi mnaijua hofu ya mtoto anayeambiwa na wakubwa wote kwamba hakuna kitu, huku wakubwa wenyewe wakizungumza kwa kunong'ona.

Tulikaa kwenye stesheni ndogo ya reli magharibi ya Tanganyika, katikati ya pori la miyombo. Palikuwa na tangi la maji la kunyweshea garimoshi, duka la Bwana Karimu, bohari ya nta na asali, na zahanati ya utawala wa mtemi. Kiangazi hewa yote ilinukia asali na vumbi. Baba alifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli, akitoka alfajiri na nyundo begani. Mama alikuwa nesi mkunga pale zahanati. Alikuwa amesomeshwa na watawa mpaka darasa la nane, na wanawake wa kwetu waliofika huko walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Baba aliishia la nne. Sikumbuki wakigombana juu ya jambo hilo, ila nakumbuka kwamba barua zikija, baba alimpa mama azisome halafu akatoka nje.

Neno kura nilikuwa nalijua tayari, au nilidhani nalijua. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa ametusimulia habari za mtu aliyekuwa akimkimbia Mungu kwa merikebu. Dhoruba ikavuma, mabaharia wakapiga kura ili wamjue aliyewaletea balaa, kura ikamwangukia yeye, wakamnyanyua wakamtupa majini, samaki mkubwa akammeza. Mwalimu yule alijua kusimulia. Alipofika pa samaki alifungua kinywa mpaka tukaona meno ya mwisho, akakifunga ghafla, na watoto wadogo wakalia. Mimi bahari sikuwahi kuiona. Maji mengi niliyoyajua ni lambo lililokuwa nyuma ya baraza la mtemi, maji meusi yenye magugu, ambayo watoto wakubwa walituambia hayana mwisho chini. Kwa hiyo niliposikia kwamba mama atakwenda barazani kupiga kura, sikuwa na haja ya kuuliza kura itaangukia wapi wala mtu atatupwa wapi.

Huenda ningesahau, kama si Mzee Kasogela. Alikuwa jirani yetu, mrina asali, mtu wa sauti kubwa ambaye kila jioni alinipa kipande cha sega nikitafune. Siku moja alisimama mbele ya bohari akazungumza na watu juu ya Chama, kile kilichodai uhuru, na juu ya uchaguzi. Sikuelewa alichosema, lakini niliona wanaume wazima wakiitikia kwa vichwa, na wengine wakitazama nyuma yao. Jumatatu askari wakaja. Walimtoa nyumbani kwake mchana kweupe, amevaa kaptura na kiatu cha mguu mmoja, mkewe akiwafuata na kiatu cha pili mkononi. Wakampandisha kwenye lori.

Nilimuuliza mama, "Mzee Kasogela amekwenda wapi?"

"Ametiwa ndani," mama alijibu, akaingiza mkono ndani ya ndoo kuosha mboga.

Ndani. Hakuniambia ndani ya nini, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilimwona samaki. Niliona kinywa cha mwalimu kikifunguka. Tangu siku hiyo kila nilipopita karibu na nyumba ya mke wa Kasogela nilikimbia.

Jioni moja, wakati uji wa Foibe unapoa, niliwasikia baba na mama wakizungumza upande wa pili wa pazia.

"Mzungu mmoja, Mhindi mmoja, Mwafrika mmoja," baba alisema. "Ukimwacha hata mmoja, karatasi yako imeharibika. Ndivyo walivyotaka wakubwa."

"Najua. Chama kimesema tuwachague watatu walio upande wetu, wa rangi zote."

"Wewe si wa Chama. Wewe ni mtumishi wa mtemi. Hii nyumba ni ya zahanati, hata kitanda hiki. Umeliwaza hilo?"

"Nimeliwaza."

"Na Kasogela je?"

"Kasogela walimkamata kwa mkutano usio na kibali. Mimi siendi mkutanoni. Naenda kupiga kura, na serikali yenyewe ndiyo iliyosema mwenye elimu ya kutosha aende."

"Serikali imesema. Mtemi amesema nini?"

"Baba Sesilia, kama si kwa siku kama hii, mimi nilisomea nini?"

Sesilia ni mimi. Nilikuwa nimekaa chini na bakuli la uji wa mtoto mapajani, nikihesabu watu wa kutupwa. Mzungu mmoja: hapa kwetu Mzungu tuliyemjua alikuwa Bwana Nyuki, ofisa aliyesimamia mambo ya nta. Mhindi mmoja: Bwana Karimu wa dukani, aliyetupa peremende siku za sikukuu. Niliwaonea huruma wote wawili. Lakini Waafrika walikuwa wengi, na sikujua ni nani, na kutojua huko ndiko kulikoninyima usingizi. Leo naweza kucheka. Wagombea wenyewe walikuwa watu wa mbali, wa jimbo zima, ambao stesheni yetu haikuwahi kuwaona. Hakuna aliyenieleza hivyo. Nilipomuuliza mama kama kura inauma, aliniambia niache maneno ya kipuuzi.

Siku yenyewe baba alikwenda kazini bila kunywa chai. Mama alivaa gauni lake la Jumapili, sare ya unesi akaiacha imetundikwa. Alipeleka ombi kwa mke wa jirani atuangalie mimi na Foibe, jirani akatoa kichwa tu mlangoni na kusema leo hawezi, ana mafua. Hakuwa na mafua. Basi mama akamfunga Foibe mgongoni, akanishika mkono, tukashika njia ya barazani.

Njia ilipita porini, kisha ikavuka daraja la magogo juu ya mto mkavu. Darajani walikuwapo wanaume wawili wenye baiskeli. Mmoja sikumjua. Wa pili alikuwa Mihayo, mtumishi wa mtemi aliyekuwa akipeleka amri vijijini. Alikuwa ameilaza baiskeli yake kukingama njia.

"Nesi," alisema, "mbona hujavaa sare? Leo hakuna wagonjwa?"

"Leo nimeomba ruhusa."

"Ruhusa ya kwenda wapi?"

"Unajua ninakokwenda, Mihayo."

"Basi mimi nakusihi kama dada yangu. Rudi. Wanaume wapo, watapiga hizo kura. Wewe una watoto. Mtemi amekasirika, na akikasirika sijui mimi nitatumwa kufanya nini."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi ya kelele. Yule mwingine alikuwa akimtazama Foibe mgongoni, na huku akipiga kengele ya baiskeli kwa kidole, taratibu, krin, krin. Mkojo ulinitoka, nikausikia ukishuka mpaka kwenye kiatu. Nikamwangalia mama ili anifute, na hapo ndipo nilipojua jambo ambalo mtoto hapaswi kulijua mapema. Mkono wake ulioushika wangu ulikuwa umelowa jasho, na ulikuwa unatetemeka. Mama alikuwa anaogopa. Mpaka siku hiyo niliamini kwamba woga ni kitu cha watoto, kwamba mtu akikua unamtoka kama meno ya utotoni.

"Sina ugomvi na wewe," mama alisema. "Niondolee baiskeli nipite."

"Siiondoi."

Mama alisimama kidogo. Kisha akageuka, nami nikadhani tunarudi nyumbani, moyo ukanitulia. Hakurudi. Aliacha njia, akashuka ukingoni mwa mto, akiteleza kwenye udongo, akijishika kwenye mizizi kwa mkono mmoja na kunivuta kwa mkono wa pili. Tukavuka kwenye mchanga wa moto chini ya daraja. Juu yetu niliona nyayo za wale wanaume kupitia nafasi za magogo. Walikuwa wakitembea sambamba nasi. Upande wa pili ukingo ulikuwa mkali. Mama alinisukuma kwanza mimi, halafu akapanda kwa magoti, gauni la Jumapili likachanika pindoni.

"Jioni utawapikia hizo kura watoto wako?" Mihayo alipaza sauti nyuma yetu. "Nesi! Utawapikia kura?"

Mama hakugeuka. Hawakutufuata, lakini njia nzima nilikuwa nikisikia kengele ile, hata pale ambapo bila shaka haikulia tena.

Barazani palikuwa na mstari mrefu wa wanaume waliovaa makoti kwenye joto, na wanawake wachache mno. Mlangoni alisimama Bwana Nyuki, kofia mkononi. Kwenye mstari nikamwona Bwana Karimu. Mezani alikuwapo Mzungu kijana wa serikali aliyeitwa Bwana Shauri Mdogo, na karani wake Mwafrika, ambaye alikuwa ameshika kijiti chekundu cha lakiri juu ya mshumaa. Lakiri ilikuwa ikiyeyuka na kudondoka kwenye kamba ya sanduku la chuma, tone jekundu baada ya tone. Ndiyo harufu ninayoisema. Pembeni walikuwa wametundika blanketi la kijivu kukinga pembe ya chumba. Mtu akiitwa aliingia nyuma ya blanketi peke yake.

Zamu ya mama ilipofika, alinisogeza kwa Bwana Karimu. "Nishikie mtoto huyu, tafadhali."

"Hapana shida, Nesi. Nenda tu." Bwana Karimu akaniwekea mkono kichwani. Nao mkono wake ulikuwa wa baridi.

Mama akaingia nyuma ya blanketi, na Foibe mgongoni. Nikatazama mlangoni: Mzungu. Nikatazama juu yangu: Mhindi. Nikatazama blanketi, na sasa Mwafrika nikamjua. Wakati huohuo nje, nyuma ya ukuta, nikasikia kishindo cha maji. Alikuwa askari anachota maji lamboni kwa ndoo. Lakini mimi sikusikia ndoo. Nilisikia mtu.

Nilipiga ukelele ambao Bwana Karimu, miaka mingi baadaye, aliwahi kuniambia bado anausikia. Nikamponyoka, nikapita chini ya meza, nikaingia chini ya blanketi. Mama alikuwa amesimama mbele ya kimeza chenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa mzima, mkavu. Machozi yalikuwa yakimtiririka, bila sauti, huku anasoma karatasi.

"Nyamaza," alininong'oneza. "Nimebakiza mmoja."

Askari akafunua blanketi, akanishika mkono kunitoa. Nikamng'ang'ania mama miguuni, naye Foibe akaamka akaanza kulia. Karani akasimama.

"Bwana, karatasi hii imeonekana na mtu mwingine," alimwambia yule Mzungu. "Ni kinyume cha sheria. Haifai tena."

Mama alikuwa ameikunja karatasi kifuani, na niliona uso wake ukibadilika rangi. Kutoka nyumbani mpaka pale, kupita mtoni, mpaka kuchana gauni, na sasa mimi.

"Aliyeiona hajui kusoma," mama alisema.

Bwana Shauri Mdogo alinitazama. Akainama. "Wewe mtoto, unalia nini?"

"Msimtupe mama," nilisema.

"Nani anataka kumtupa?"

Nilinyoosha kidole tu kuelekea ukuta na lambo lililokuwa nyuma yake. Watu kwenye mstari wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi tangu asubuhi. Mimi nilidhani wanacheka kwa sababu mambo yamekwisha amuliwa. Yule Mzungu hakucheka. Alifikiri, akamwambia karani, "Mwache amalize. Mtoto abaki naye." Basi mama akaweka alama yake ya tatu nami nimeushika mguu wake kwa mikono miwili, akatoka, akaisukuma karatasi kwenye tundu la sanduku. Mpaka ikaingia yote nilikuwa nimefumba macho.

Tulirudi kwa njia nyingine, ndefu, tukilifuata tuta la reli. Wale wa darajani hatukuwaona tena siku hiyo.

Matokeo yalipotangazwa, wale watatu waliochaguliwa na mama walikuwa wameshinda wote. Watu walipiga ngoma mbele ya bohari mpaka vumbi likaingia kwenye vyungu. Mzee Kasogela akaachiwa. Alikuja kwetu kusalimia, amekonda, sauti yake kubwa imebaki mnong'ono. Aliniita, "Njoo, mama, hata shikamoo hunipi?" Nikajificha nyuma ya mlango. Alikuwa na harufu ya ubichi, ya mahali pasipofika jua, na mimi nilijua katoka tumboni mwa nini. Baba aliniadhibu kwa kukosa adabu. Ilinichukua mpaka nilipoanza shule ya mbali, miaka kadhaa baadaye, ndipo nikaelewa kutiwa ndani ni kutiwa wapi. Kuelewa hakukunipunguzia hofu hata kidogo.

Kabla ngoma hazijapoa Mihayo alikuja kwa baiskeli yake. Hakuingia. Alisimama uani, akitazama chini, akasema mtemi ameona nesi amechoka na anampa mapumziko. Nyumba inahitajika kwa nesi mwingine. Sare irudishwe zahanati. Mama alisikiliza, akasema, "Umesikika." Mimi nilikuwa nimejibana kwenye kanga yake nikingoja lori. Lori halikuja, tulichoambiwa ni kuhama tu. Tukahamia kwenye chumba kimoja cha kota za reli, alichopewa baba, sisi wote wanne na vyungu vyetu.

Katika chumba kile baba na mama walizungumza kwa muda juu ya chumvi na kuni tu. Mimi nililala katikati yao nikisikiliza pumzi zao, nikiogopa kwamba mmoja ataondoka. Kisha jioni moja, tunakula, baba aliacha kula. Alikuwa na tonge mkononi.

"Hebu niambie," alisema. "Kule ndani kukoje?"

Mama akamtazama. "Ndani wapi?"

"Nyuma ya lile blanketi. Mimi sikuruhusiwa kwenda. Nataka kujua."

Mama akaanza kumweleza, polepole. Kwamba kuna giza kidogo. Kwamba kuna kimeza ambacho mguu wake mmoja ni mfupi, kinayumba ukiegemea. Kwamba penseli imefungwa kwa uzi, na uzi ni mfupi mno, unalazimika kuinama. Kwamba unawasikia watu wakikohoa hapo karibu lakini hakuna anayeweza kukuambia kitu. Baba alisikiliza bila kupepesa, tonge likimpolea mkononi.

"Uliogopa?"

"Sana."

"Mkono ulitetemeka?"

"Ulitetemeka. Alama ya kwanza ilikwenda upande, kidogo itoke nje ya mstari."

"Ukaendelea hivyo hivyo?"

"Nikaendelea hivyo hivyo."

Baba aliitikia kwa kichwa, akala tonge lake, akanawa. Sare ya mama ilikuwa bado imetundikwa kwenye msumari. Kila siku alisema ataipeleka kesho, na kila kesho alipata kazi nyingine. Baba aliitungua. Akaikunja vizuri, kola juu, kama mama alivyokuwa akiikunja yeye mwenyewe baada ya kuipiga pasi. Jua lilikuwa bado lipo, na watu walikuwa wamekaa kwenye vibaraza vyao wakiwatazama wapita njia.

"Kaa na watoto," alimwambia mama. "Nitairudisha mimi."

Akatoka nayo juu ya mikono yake miwili, akashika barabara ya zahanati, akipita katikati ya watu wote wale bila kuinamisha kichwa.